Programu za kubebeka kwenye Linux ya laivu: dhana potofu na ukweli wake

Linux ya laivu ni mfumo unaowashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi au DVD bila kusakinishwa katika diski ya kompyuta. Programu ya kubebeka, kwa upande wake, ni ile iliyofungashwa pamoja na maktaba zake katika faili moja, mara nyingi la muundo wa AppImage, ambalo mtumiaji hulipakua, hulipa ruhusa ya kutekelezwa na kulifungua. Mambo haya mawili yanafaana sana, na si jambo jipya: Knoppix ya Klaus Knopper ilianza kuwazoesha watu mifumo ya laivu tangu mwaka 2000, na klik, mradi wa Simon Peter uliokuja kuwa AppImage, ulianza mwaka 2004. Hata hivyo, dhana potofu zinazozunguka matumizi yake ni nyingi, na karibu zote zina chimbuko moja, kwamba watu huuliza programu imebeba nini, lakini hawaulizi imewekwa wapi, inaandika wapi, wala inaazima nini kutoka kwa mfumo unaoiendesha.

Dhana: Mfumo wote wa laivu umo ndani ya RAM, na programu iliyo kwenye flashi haigusi RAM

Dhana hii ina pande mbili, na pande zote mbili hazina ukweli. Mfumo wa laivu kwa kawaida hukaa ndani ya faili moja kubwa lililobanwa la aina ya SquashFS, ambalo ni la kusomwa tu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, hulisoma kipande kwa kipande kadiri kinachohitajika kinavyoitwa, na ndiyo maana ukiichomoa flashi katikati ya kazi, madirisha yaliyokwisha kufunguliwa yanaweza kuendelea kwa muda huku kila programu mpya ikikataa kuanza kwa makosa ya kusoma diski. Kinachohamishia mfumo mzima kwenye RAM ni chaguo maalumu la wakati wa kuwasha, ambalo katika mifumo iliyojengwa juu ya Debian huandikwa toram, na hilo hugharimu nafasi inayolingana na ukubwa wa faili hilo lililobanwa.

Juu ya tabaka hilo lisiloandikika huwekwa tabaka la pili linaloandikika, na viwili hivyo huunganishwa na OverlayFS, iliyoingia rasmi katika kerneli ya Linux toleo la 3.18 mwaka 2014. Tabaka la juu ni tmpfs, yaani mfumo wa mafaili ulio ndani ya RAM yenyewe, na kikomo chake cha kawaida ni nusu ya RAM yote. Kwenye kompyuta yenye GB 4, basi, kila unachokipakua kwenye folda ya nyumbani, kila kifurushi unachokisakinisha kwa apt (kisakinishi cha Debian na Ubuntu) na kila akiba ya kivinjari vinagombania takribani GB 2, huku programu zinazoendeshwa zikihitaji zilizobaki. Amri df -h / huonyesha hali hiyo waziwazi: mstari wa kwanza hauonyeshi ukubwa wa flashi yako bali ukubwa wa tabaka hilo la RAM, na wengi huutazama ujumbe «No space left on device» kwa mshangao kwa sababu flashi yao ya GB 64 iko karibu tupu.

Wapo wanaojaribu kujiokoa kwa kufuta programu zilizokuja na mfumo. Hilo halisaidii hata kidogo, kwa kuwa faili lililo katika tabaka la chini halifutiki. OverlayFS huweka tu alama katika tabaka la juu inayosema kwamba faili hilo lisionekane tena. Kinyume chake, kulihariri faili kubwa lililo katika tabaka la chini hata kwa herufi moja husababisha faili zima linakiliwe kwenye tabaka la juu kwanza, yaani kwenye RAM.

Hapa ndipo AppImage inapopata faida ya kweli. Faili lake lina sehemu ndogo ya mwanzo inayotekelezwa na, nyuma yake, picha ya SquashFS yenye programu yenyewe. Ukiliendesha kutoka mahali lilipo kwenye flashi, picha hiyo huunganishwa kwa FUSE, njia inayomruhusu mtumiaji wa kawaida kuunganisha mfumo wa mafaili, kwenye folda ya muda yenye jina linaloanza na /tmp/.mount_, bila kunakiliwa na bila kufunguliwa yote. RAM inayotumika kuhifadhi vipande vilivyosomwa ni akiba ambayo kerneli inaweza kuiachia ikibanwa, jambo ambalo haliwezi kulifanya kwa mafaili yaliyomo kwenye tmpfs. Faida hiyo hupotea mara tu unapolipakua faili hilo kwenye folda ya nyumbani ya mfumo wa laivu, na hupotea zaidi ukitumia chaguo la --appimage-extract-and-run, kwa sababu hapo yaliyobanwa yote hufunguliwa kwenye /tmp, na si ajabu yakachukua mara mbili au tatu ya ukubwa wa faili la awali.

Dhana: Faili moja linajitosheleza, kwa hiyo litafanya kazi kwenye Linux yoyote

Hii ndiyo dhana inayowasumbua watu kuliko zote, na kwa maoni yangu wanaosambaza programu hizi wana sehemu ya lawama, kwa kuwa wengi wao hutangaza urahisi na kunyamaza kuhusu masharti. AppImage hubeba maktaba nyingi, lakini kwa makusudi huacha zile za msingi zinazotarajiwa kupatikana katika kila mfumo. Mojawapo ni glibc, maktaba kuu ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani hufanya kazi kwenye glibc mpya, lakini kinyume chake hakikubali. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35 na Debian 11 ina 2.31, kwa hiyo programu iliyojengwa juu ya Ubuntu 22.04 bila uangalifu inaweza kugoma kwenye flashi yako ya laivu ya Debian 11 kwa ujumbe unaosema kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Ndiyo maana wajenzi makini hufanyia kazi hiyo kwenye mfumo mkongwe unaoendelea kuhudumiwa. Kwenye Alpine, aina ya Linux ambayo hutumia musl badala ya glibc, programu nyingi za aina hii haziwaki kabisa.

Kinachofuata ni FUSE. Sehemu ya mwanzo ya AppImage nyingi zilizoko hutafuta libfuse2, na Ubuntu iliacha kuiweka maktaba hiyo kama sehemu ya mfumo wa kawaida kuanzia toleo la 22.04. Mtumiaji aliyewasha flashi ya toleo hilo na kubofya faili lake haoni chochote. Akilifungua kwenye terminali ndipo anapokutana na ujumbe «AppImages require FUSE to run». Dawa ni kusakinisha kifurushi cha libfuse2, ambacho katika Ubuntu 24.04 kinaitwa libfuse2t64. Angalizo ni kwamba kusakinisha kifurushi chenye jina fuse peke yake kwenye matoleo haya hung'oa fuse3 na huweza kuondoka na sehemu za eneokazi zinazoitegemea. Usakinishaji huo kwenye mfumo wa laivu usio na hifadhi ya kudumu hupotea kompyuta ikizimwa, na lazima urudiwe kila unapowasha. AppImage zilizojengwa kwa sehemu mpya ya mwanzo, ambayo inabeba FUSE yake ndani kwa ndani, hazihitaji libfuse2 ya mfumo.

Kuna pia madereva ya kadi ya picha. Maktaba za OpenGL huazimwa kutoka kwa mfumo, kwa sababu lazima zilingane na kifaa kilichopo. Mfumo wa laivu ukiwa umewasha dereva wa msingi tu, programu ya kuhariri video au michoro ya pande tatu itakuwa nzito hata kama kompyuta ina kadi yenye nguvu. Suala la aina ya prosesa halina mjadala: faili la x86_64 (prosesa za Intel na AMD) haliendeshwi moja kwa moja na aarch64 (prosesa za ARM).

Dhana: Ukishaandika chmod +x, umemaliza

Ushauri huu, wa kulipa faili ruhusa ya kutekelezwa kwa amri ya chmod, ni sahihi pale tu ambapo faili liko kwenye mfumo wa mafaili unaojua ruhusa za Unix. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mfumo wa mafaili wa FAT32 au exFAT, na hiyo haihifadhi ruhusa hizo. Mfumo hubuni ruhusa moja kwa mafaili yote wakati wa kuiunganisha flashi. Kwenye mazingira mengi ya eneokazi, flashi ya FAT32 huunganishwa kwa chaguo la showexec, linalotoa ruhusa ya kutekelezwa kwa mafaili yenye viambishi kama .exe na .bat pekee. Matokeo yake yanachekesha kidogo: faili la programu ya Windows linaonekana linaweza kutekelezwa ilhali AppImage iliyo kando yake inakataliwa, hata baada ya chmod. Ukitaka kuthibitisha, andika mount | grep vfat na usome yaliyomo ndani ya mabano. FAT32 pia haikubali faili moja linalofika GB 4.

Njia iliyo safi ni kutenga sehemu ya pili ya ext4, mfumo wa mafaili wa Linux unaohifadhi ruhusa hizo, kwenye flashi hiyohiyo au kwenye flashi nyingine, na kuziweka programu humo. Kulinakili faili kwenye folda ya nyumbani ndipo ulipe ruhusa kunawezekana, lakini gharama yake ni RAM, kama ilivyoelezwa. Usisahau kwamba kama flashi ya laivu iliandikwa kwa dd, amri inayonakili faili la ISO kama lilivyo, sehemu yenye mfumo ni ya ISO 9660, mfumo wa mafaili wa CD, na haiandikiki. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa flashi ndiyo inayoweza kugeuzwa kuwa sehemu mpya.

Dhana: Bila hifadhi ya kudumu, programu hizi hazina maana

Hifadhi ya kudumu huhifadhi mabadiliko ya mfumo wenyewe. Katika Debian huhitaji sehemu yenye lebo persistence, faili la persistence.conf ndani yake na chaguo la persistence wakati wa kuwasha. Katika Ubuntu chaguo ni persistent na lebo ni writable, au casper-rw kwa matoleo ya zamani. Ni msaada mkubwa, lakini si sharti. AppImage iliyoko kwenye sehemu ya ext4 ya kawaida inaendeshwa vilevile kila unapowasha, kwa kuwa hakuna kilichosakinishwa.

Kinachopotea ni mipangilio, kwani programu huandika kwenye folda ya nyumbani, na folda hiyo iko kwenye RAM. Ukiendesha faili kwa chaguo la --appimage-portable-home, folda yenye jina la faili hilo na kiambishi .home huundwa kando yake, na kuanzia hapo programu huichukulia hiyo kuwa nyumbani kwake. Hapo tena ext4 ina umuhimu wake: exFAT na FAT32 hazijui viungo vya ishara, na vivinjari vyenye asili ya Chromium hutumia kiungo cha aina hiyo kama kufuli ya wasifu, hivyo vinaweza kushindwa kuanza.

Dhana: Flatpak na Snap ni mambo yaleyale

Hizi nazo ni njia za kusambaza programu za Linux, lakini si yaleyale. Flatpak hutegemea mazingira ya pamoja yanayopakuliwa kando, yenye ukubwa wa mamia ya MB, na kwa kawaida huyaweka chini ya /var/lib/flatpak, ambako kwenye mfumo wa laivu ni RAM. Snap nayo huhitaji huduma ya snapd iwe inaendeshwa. Zote mbili zinafaa zaidi kwenye mfumo uliosakinishwa, au angalau kwenye flashi yenye hifadhi ya kudumu ya kutosha.

Dhana: Kompyuta ikizimwa kila kitu hufutika, kwa hiyo programu yoyote ni salama kujaribiwa

Kufutika kwa RAM kunaondoa kilichoandikwa kwenye RAM, basi. Kwenye mifumo ya laivu ya Ubuntu na Debian, mtumiaji wa kawaida anaweza kutumia sudo, amri inayompa mamlaka ya msimamizi, bila kuulizwa nenosiri, na AppImage haina uzio wake yenyewe: inaendeshwa kwa uwezo wote alio nao mtumiaji. Programu yenye nia mbaya inaweza kuunganisha diski ya ndani ya kompyuta, kusoma nyaraka zisizosimbwa na kuzituma nje kupitia intaneti, au kuzifuta, na kuzima kompyuta baadaye hakurudishi chochote. Tails, ambayo ni mfumo wa laivu uliojengwa kwa ajili ya faragha, huacha mamlaka ya msimamizi yakiwa yamefungwa mpaka mtumiaji aweke nenosiri lake wakati wa kuwasha, na sababu mojawapo ni hiyo.

AppImage inaweza kubeba sahihi ya kidijitali, lakini sahihi hiyo haikaguliwi unapolifungua faili. Chaguo la --appimage-signature huionyesha tu, na anayeionyesha ni faili lilelile unalolitilia shaka, kwa maana kwamba umeshaliendesha kabla ya kulihakiki. Ukaguzi wenye thamani hufanywa na chombo kilichomo tayari kwenye mfumo, kama vile sha256sum, inayokokotoa tarakimu ya kulitambulisha faili, kabla ya kutoa ruhusa ya kutekelezwa, na tarakimu inayolinganishwa nayo itoke kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye seva ileile ya upakuaji iliyokupa faili.