Kwa nini mwanaume aliyepigwa kibuti hawezi kuacha kutazama picha ya mpenzi wake?

Kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda pale Kiboriloni, Moshi, alipigwa kibuti mwezi wa nne. Mpaka leo, abiria wakiadimika kidogo, anatoa simu na kufungua picha za yule dada. Wenzake humwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Anajikaza kisabuni, lakini dakika tano hazipiti simu iko mkononi tena.

Huo si udhaifu. Mwaka 2010, Helen Fisher na watafiti wenzake wa Marekani walichunguza kwa mashine ubongo wa watu 15 walioachwa lakini bado wanapenda, watano kati yao wakiwa wanaume. Walipoonyeshwa picha za waliowaacha, ziliamka sehemu za ubongo zinazohusika pia na uraibu wa kokeini, zile zinazotamani na kudai. Penzi limekwisha, ila ubongo bado unadai raha uliyoizoea. Mtaani neno tunalo: arosto. Kila akifungua picha ile, anajionjesha kidogo, na kiu inarudi.

Na maumivu je? Mwaka 2011, Ethan Kross na wenzake waliwapima watu 40 walioachwa karibuni: mara wakitazama picha ya mpenzi wa zamani, mara wakiunguzwa kidogo mkononi kwa joto. Baadhi ya sehemu za ubongo zinazopokea maumivu ya mwili ziliamka mara zote mbili. Basi mtu akikwambia "inauma", mwamini.

Kinachonisikitisha ni upweke wa wanaume katika jambo hili. Dada akiachwa, mara nyingi ana shoga wa kumlilia. Kijiweni tumejaa, lakini tunajua kuzungumzia Simba na Yanga tu. Mwenye jeraha anaishia kwenye mbege, na pombe inamharibia hata usingizi anaoutafuta.

Katika utafiti wa Fisher, kadiri siku zilivyopita tangu mtu aachwe, ndivyo sehemu moja ya ubongo inayohusika na kushikamana ilivyokuwa imepoa zaidi. Kijana wetu nilimweleza hayo. Wiki iliyopita akanipa simu nimfutie zile picha, maana yeye mkono ulimkatalia. Nilizifuta moja moja, naye akakaa pembeni ananisimulia kila moja ilipigwa wapi. Abiria wawili walikuja, tukawaelekeza kwa wengine.