Padre Mychal hakufa akimpaka mtu mafuta

Septemba ikikaribia huwa najiandaa kisaikolojia. Najua kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimekaa kwenye benchi mahali fulani, namsikiliza mtu akisimulia habari za Padre Mychal Judge, kasisi wa zimamoto wa jiji la New York, na najua hadithi itakwenda kuishia wapi. Padre amepiga magoti kando ya askari wa zimamoto aliyeumia vibaya. Amevua kofia yake ngumu kwa heshima ya sakramenti. Anampa mpako wa mwisho, mafuta matakatifu ambayo Wakatoliki huwapaka wagonjwa mahututi, na hapo hapo kifusi kinamshukia kichwani. Watu wanafuta machozi. Safari hii nimeisikia kwenye semina ya makasisi wa hospitali, watu wa kazi hii hii yangu, na mwezeshaji akamalizia kwamba hivyo ndivyo kasisi anavyopaswa kufa: akiwa kazini. Sikunyanyua mkono kwa sababu chai ilikuwa imeshaletwa. Basi naandika hapa.

Haikuwa hivyo. Na si suala la huyu anasema hivi na yule anasema vile, maana kuna filamu. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, siku magaidi walipogongesha ndege kwenye minara miwili ya New York, Mfaransa mmoja, Jules Naudet, alikuwa akiwafuata zimamoto na kamera yake kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, akajikuta nao ukumbini chini ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center, pale wakuu wa kikosi walipoweka kituo cha kuongozea uokoaji. Padre Mychal yumo kwenye picha zile. Amevaa koti la zimamoto na kofia nyeupe, amesimama, midomo inatembea. Hapaki mtu mafuta. Hana mtu wa kuongea naye. Nje, watu waliojirusha kutoka ghorofa za juu wanaanguka mmoja mmoja, na kila kishindo kinasikika mle ndani. Saa nne kasoro dakika moja asubuhi mnara wa pili, wa kusini, ukaporomoka, na kifusi chake kikapenya hadi ukumbini. Giza lilipopungua, mkuu mmoja wa kikosi, Joseph Pfeifer, akamkuta amelala sakafuni. Wanaume watano wakambeba kwenye kiti kumtoa nje, na mpigapicha wa shirika la habari la Reuters, Shannon Stapleton, akaipata ile picha ambayo wengi mmeiona. Mwili ukapelekwa Kanisa la Mtakatifu Petro, Barclay Street, ukalazwa mbele ya altare.

Jambo la pili nalipitia haraka kwa sababu ni la wapenda namba: hakuwa "mtu wa kwanza kufa". Cheti chake cha kifo ndicho kilichopewa namba 1, kwa kuwa mwili wake ulikuwa wa kwanza kufikishwa na kuandikishwa. Abiria wa ndege mbili zilizogonga minara na mamia ya watu waliokuwa ndani walikuwa wamekufa karibu saa nzima au zaidi kabla yake. Mtawa mwenzake wa shirika la Wafransisko, Michael Duffy, aliyehubiri kwenye mazishi tarehe 15 Septemba, aliitumia namba ile vizuri sana: alisema Mychal asingeweza kuwahudumia wote waliokufa siku ile akiwa upande huu, basi ametangulia awapokee upande wa pili. Waliokufa katika kikosi chake walikuwa 343, pamoja naye. Nayakubali mahubiri yale kabisa. Mahubiri ya mazishi yana ruhusa zake.

Sasa nirudi kwenye kinachoniudhi hasa, na hakihusu historia ya Marekani.

Jiulize kwa nini hadithi ya mafuta ilizaliwa. Ndani ya siku chache ilikuwa imeshasambaa magazetini, na hakuna aliyekaa chini akaitunga kwa hila. Ilizaliwa kwa sababu picha ya kweli haiingii akilini kirahisi. Kasisi amesimama tu? Mnara unawaka, watu wanakufa, naye amesimama ukumbini anatikisa midomo? Lazima alikuwa na kazi fulani. Na kazi ya kasisi, kila mtu anajua, ni kuwamalizia watu safari ya mwisho. Kwa hiyo akatafutiwa mtu wa kummalizia safari.

Imani hiyo hiyo naishi nayo wodini kila zamu. Nikitokea mlangoni, mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyelazwa kwa kuvunjika mguu na pikipiki, anashtuka na kuwatazama ndugu zake: mmeambiwa nini ambacho mimi sijaambiwa? Mama mmoja aliwahi kunizuia mlangoni kwa mikono miwili. "Mchungaji, tafadhali, bado hatujafika huko." Wauguzi nao, nawapenda, lakini ndio wale wale: wananipigia simu saa nane usiku mgonjwa akiwa hajitambui, na familia imeshaanza kuulizana habari za jeneza. Siku kumi na mbili alizokuwa macho, akiogopa, akitaka kumwambia mtu kwamba hajaongea na kaka yake tangu waligombania shamba, hakuna aliyekumbuka kwamba hospitali ina kasisi. Nafika, nasoma Zaburi kwa mtu ambaye sidhani ananisikia, ndugu wananishukuru sana, na ripoti inaandikwa kwamba huduma ya kiroho imetolewa.

Wakatoliki wenyewe walishajaribu kulisahihisha hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba mpako huu afadhali uitwe mpako wa wagonjwa, na kwamba si sakramenti ya wale tu walio kwenye ukingo wa kufa. Utaratibu mpya ukatoka mwaka 1972. Zaidi ya miaka hamsini! Waraka wa Yakobo, ambao ndio msingi wake, unamtaja mgonjwa anayewaita wazee wa kanisa. Mtu mwenye nguvu ya kuita bado yupo. Mimi si Mkatoliki, na kanisa langu lina chupa yake ndogo ya mafuta na ubishi wake mwenyewe, lakini hofu ya wodini haijui dhehebu. Waislamu wakiniona napita na shati la kola wananong'ona vile vile.

Kwa hiyo tukimsifu Padre Mychal kwa mpako ambao hakuutoa, tunaidharau bila kujua kazi aliyoifanya. Alikuwa kasisi wa zimamoto tangu 1992. Ndege ya shirika la Marekani la TWA ilipoanguka karibu na Long Island Julai 1996 na kuua watu 230, alikwenda kukaa na familia hotelini, siku baada ya siku, wakati miili ikitafutwa baharini. Kukaa. Hakukuwa na wa kupakwa pale, wote walikuwa wameshakufa. Miaka ya themanini, UKIMWI ulipoanza kuua vijana wa New York na wahudumu wa hospitali wengine wakiacha sahani za chakula mlangoni kwa woga, yeye aliingia vyumbani akawakumbatia. Na tarehe 10 Septemba 2001, siku moja kabla, alihubiri kwenye kituo cha zimamoto huko Bronx. Aliwaambia wale askari, kwa ufupi: unafika, unapiga hatua moja mbele ya nyingine, unapanda gari, unakwenda kufanya kazi, na hujui Mungu anakuitia nini. Neno la kwanza ni kufika. Sala yake iliyosambazwa kwenye kadi ndogo inakwenda hivi: Bwana, nipeleke unakotaka niende, nikutane na unaotaka nikutane nao, niambie unachotaka niseme, na unitoe nisikuzibie njia. Ule mstari wa mwisho ningeubandika kwenye mlango wa kila ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, upande wa nje, kwa macho ya wachungaji wanaokuja na spika.

Hapa kuna swali ambalo halinipi raha. Mjane akinisimulia kwamba marehemu mumewe, dakika ya mwisho, alifumbua macho akatabasamu na kumtaja Yesu, nami nilikuwepo na najua hakufumbua, simsahihishi. Kamwe. Anajenga kitu cha kukalia. Askari wale wa New York nao walihitaji kitu cha kukalia, na kama hadithi ya kofia iliwavusha mwezi ule wa mazishi mfululizo, mimi ni nani? Nadhani tofauti ni kwamba semina si msiba. Mjane anasimulia ili apate usingizi. Mwezeshaji anasimulia ili sisi tuige. Lakini sina hakika mpaka uko wapi hasa, na mara nyingine nahisi nautetea ukweli huu kwa sababu tu unaitetea kazi yangu.

Tena tukishaanza kupaka rangi hatuishii kwenye kofia. Padre Mychal alikuwa mlevi aliyeacha pombe mwaka 1978, na hakuficha. Alikwenda mikutano ya Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe, maisha yake yote yaliyobaki na kuwaburuta wengine nyuma yake. Kwenye mahubiri ya kwetu hilo halitajwi. Baada ya kifo chake, Thomas Von Essen, aliyekuwa kamishna wa zimamoto, alisema hadharani kwamba Mychal alimwambia anavutiwa na wanaume. Hilo ndilo lenye ubishi kabisa: kuna wanaolifuta na kuna wanaoligeuza bendera, na pande zote mbili zinagombania mtu aliyeweka nadhiri za Kifransisko na kuziishi kama watawa wengine wanavyoziishi, kwa kuhangaika. Marehemu hasemwi vibaya, sawa. Ila sioni ubaya gani umo katika kusema kwamba mtu alijua kiu ya pombe ilivyo, ndiyo maana walevi walimfungulia mlango.

Na je, kukaa kunasaidia? Kwenye vitabu vya mafunzo yetu jibu ni ndiyo, kwa herufi nzito. Mimi nitasema ninachokiona. Kuna wagonjwa wanaotulia nikikaa, mapigo yanashuka, muuguzi anaona kwenye mashine. Kuna wanaogeukia ukutani hadi niondoke. Kuna baba aliyeniambia, "Kaa hapo usiseme kitu," akafa kesho yake, na mpaka leo sijui nilimfanyia nini. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kufungua kinywa, na hapo ndipo walipofanya vizuri kuliko sura zote zilizofuata. Lakini hata katika siku zile saba hatuambiwi kama Ayubu alipata nafuu.

Utawala wa hospitali unataka kujua pia. Tumeletewa fomu mpya, kila zamu nijaze safu ya huduma iliyotolewa: sala, komunyo, mpako, ushauri, mengineyo. Nikikaa na mtu tu, naweka alama kwenye mengineyo. Mwezi uliopita mhasibu alinipigia simu, kijana mstaarabu sana, akaniuliza hayo mengineyo ni nini, maana ni mengi kuliko mengine yote yakijumlishwa, na angependa kuyapa jina kabla wakaguzi hawajaja.