Leni Moja Si ya Watu Wawili

Nimeulizwa tena, na aliyeuliza alikuwa amekasirika kweli: kwa nini mtu wa tatu ameruhusiwa kuingia kwenye leni ya bwawa la kuogelea, yaani njia iliyotengwa kwa kamba, ambayo tayari ina watu wawili? Imani hii imeota mizizi. Leni ni ya wawili, mmoja ashike upande huu, mwingine upande ule, wa tatu akae kwenye kiti asubiri. Hakuna kanuni ya namna hiyo, na hesabu yenyewe inaikataa.

Leni ya bwawa la Olimpiki ina upana wa mita 2.5. Zipo za mita 2. Mkizunguka, yaani mkienda upande mmoja wa mstari mweusi uliochorwa sakafuni mwa bwawa na kurudi upande wa pili, kila mtu anabaki na mita moja au zaidi, na hiyo inamtosha mtu wa fristaili (mtindo huru). Anayeogelea mita 100 kwa dakika 2 humaliza kwenda na kurudi kwenye bwawa la mita 25 kwa sekunde 60. Mkiachiana sekunde 10 wakati wa kuondoka, watu sita wanaenea na hakuna anayemgusa mwenzake. Kwenye bwawa la mita 50, kama lile la Kasarani, Nairobi, nafasi ni maradufu.

Kinachoharibu leni ni tofauti ya kasi. Chukua watu wawili tu: mmoja anaogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 40, mwingine kwa dakika 2 na nusu. Kwenda na kurudi, wa kwanza anatumia sekunde 50, wa pili sekunde 75. Wakizunguka bila kusimama, wa kasi atamfikia mwenzake kila baada ya sekunde 150, yeye akiwa amemaliza mizunguko mitatu na mwenzake miwili. Kwa hiyo mwenye mwendo wa pole anatakiwa asimame ukutani mara moja kila mita 100, apishe, aendelee. Sekunde tano. Sasa weka mtu wa dakika 2 na mtu wa dakika 2 na sekunde 5: watafikiana baada ya dakika 25! Leni yenye watu watano wa mwendo mmoja ina raha kuliko leni yenye wawili wasiolingana.

Ndiyo maana ukifika bwawani usihesabu vichwa. Simama dakika moja utazame mwendo wa waliomo, kisha ingia panapofanana na mwendo wako wa leo. Kama leo unapiga miguu tu ukishika ubao wa kuelea, wewe ni wa leni ya polepole hata kama jana ulikuwa bingwa wa mkoa. Vibao vya "haraka", "wastani" na "polepole" mimi sivitegemei sana, kwa sababu kila mtu anajipima kwa macho yake mwenyewe.

Kuna jambo vitabu vya ukocha haviligusi: mzee wa heshima anayeogelea mtindo wa chura taratibu kwenye leni ya haraka. Vijana wanaona haya kumwambia, basi wanamfuata nyuma wakimrushia maji. Hiyo ndiyo dharau yenyewe. Msubiri afike ukutani apumue. "Shikamoo mzee. Tumekuwa watatu, tunaomba tuzunguke, na ukifika ukutani utupishe." Kusema hivyo si kukosa adabu, na wazee wengi hukubali papo hapo. Asipokubali, muite mlinzi wa bwawa. Hiyo ni kazi yake.

Sasa ukuta, maana ugomvi mwingi huanzia hapo, na ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Watu wanajua kuzunguka katikati ya bwawa, wakifika mwisho wanasahau kila kitu. Tuseme mnashika kushoto. Unakuja kushoto mwa mstari mweusi. Mstari huo huishia kwenye alama ya T, mita 2 kabla ya ukuta. Ukiiona T chini yako na hakuna aliyekubana nyuma, kata kidogo kwenda kulia, gusa ukuta upande huo, ujisukume moja kwa moja kwenye upande wa kurudia. Anayegusa kushoto kisha akajisukuma kwa mshazari anamgonga kichwani anayekuja nyuma yake.

Anayepumzika ajibane kwenye kona ya upande aliojia, kushoto kabisa, mgongo kwenye kamba. Asisimame katikati, asining'inize mikono yote miwili ukutani akipiga soga. Mkiwa watatu mnapumzika, jipangeni kando ya kamba, mmoja nyuma ya mwingine, ukuta ubaki wazi.

Na tafadhali sana, usiondoke mbele ya pua ya mtu anayekaribia. Angalia bendera za kuwaongoza waogeleao chali, zilizoning'inizwa mita 5 kutoka ukutani. Anayekuja akiwa ameshazipita na ana kasi kukuzidi, mwache ageuke, hesabu tano, ndipo uondoke. Unayeondoka mbele yake hujaokoa hata sekunde moja, na umemharibia mita 25 nzima.

Kumpita mtu katikati ya leni mimi nakataza, hasa kwenye leni za mita 2. Makocha wengi hufundisha umguse mwenzako unyayo mara moja mkikaribia ukuta, naye ajibane konani akupishe. Kwa watu wa timu inafanya kazi. Kwa bwawa la umma nina mashaka nayo. Anayejifunza akiguswa mguu hushtuka na kumeza maji, na kuna wanawake wasiotaka kuguswa na mwanamume wasiyemjua, wana haki hiyo. Afadhali usubiri ukutani mpaka nafasi ifunguke.

Mitindo: anayeogelea chura apunguze kutanua miguu akipishana na mtu. Kipepeo, tumia mkono mmoja. Chali, kaa karibu na kamba.

Wawili wakitaka kugawana leni nusu kwa nusu, sawa, wakubaliane. Wa tatu akija, mgawano umekwisha. Asitumbukie tu. Akae ukingoni kwenye kona, miguu majini, awasubiri wote wawili, awaambie kwa mdomo kwamba sasa ni kuzunguka. Asipofanya hivyo, mmoja anazunguka na mwingine bado anarudi kwenye nusu yake ileile. Kila mmoja akienda mita moja kwa sekunde, vichwa vinagongana kwa mita mbili kwa sekunde.

Upande gani? Kenya, Tanzania na Uganda tunashika kushoto barabarani, na wengi hufanya hivyo majini. Rwanda, Burundi, Kongo na Oman ni kulia. Uingereza utakuta vibao vyenye mishale, leni moja ikizunguka kama saa na ya jirani kinyume chake, ili mikono ya pande mbili za kamba ielekee njia moja. Soma kibao. Kama hakipo, fuata waliomo.

Ukimaliza, toka kwenye ukuta wa leni yako. Ukilazimika kupita chini ya kamba za wengine, subiri kila leni iwe wazi upande wako, kwa sababu anayebinuka ukutani ili ageuke haoni aliyeko nyuma ya miguu yake.