Je, wajua? Kuweka nafasi mgahawani Disney World hakukutengei meza

Anayejiandaa kwenda Walt Disney World, ule mji wa burudani ulio karibu na Orlando, Florida, hupewa usia mmoja na waliomtangulia: tafuta mahali pa kula siku 60 kabla. Anafuata usia, anapata nafasi ya saa 7 mchana, anafika saa 7 kamili na familia yake, kisha anaombwa asubiri kidogo. Je, kwa nini asubiri mtu aliyejiwekea nafasi miezi miwili iliyopita?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa la makosa. Niliamini kwamba ukishaweka nafasi ipo meza fulani, yenye namba yake, inayokaa wazi ikikungoja, kama viti vya mbele ukumbini vinavyobandikwa karatasi ya "Wazazi wa Bibi Harusi". Ukiombwa kusubiri, nilidhani, basi kuna mtu amekalishwa kwenye meza yako. Na programu ya simu ikisema nafasi hakuna, nilichukulia kwamba kila kiti kimeshapata mwenyewe. Nimewasikia watu wengi wakisema hivyohivyo, na wengine hukata tamaa ya kula pale walipotaka kwa sababu ya imani hiyo tu.

Kinachotolewa ni zamu. Unapofika unajiandikisha mapokezi au kwenye simu, halafu unapewa meza ya kwanza itakayofunguka yenye kutosha idadi yenu, mbele ya waliokuja bila kuweka nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Disney walikuwa na jina lililosema hivyo waziwazi: kwa Kiswahili tungeliita "kipaumbele cha kukalishwa". Katikati ya miaka ya 2000 wakaleta jina jipya lenye neno la kuhifadhi, na utaratibu ukabaki karibu uleule. Kwa maoni yangu jina la zamani lilimtendea mgeni haki zaidi.

Lakini kwa nini wasitenge meza tu, yakaisha? Mfikirie kinyozi mwenye viti vitatu. Umemwambia utafika saa 4. Hajui utakaa kiti gani; anachojua ni kwamba kati ya vile vitatu, kimoja kitafunguka karibu na saa 4. Aliyekaa kiti cha dirishani akichelewa kwa sababu amekuja na mtoto asiyetulia, wewe unakalia cha katikati na kunyolewa. Sasa mwambie akuwekee kile cha dirishani, na asikupe kingine. Saa 4 inafika, mtoto bado anahangaika, cha katikati kiko tupu, na wewe umesimama. Kufungwa kwenye kiti kimoja ndiko kumekuchelewesha. Hilo ndilo lililonishangaza nilipolielewa: kutokuwa na meza yako maalumu kwa kawaida kunakupunguzia kusubiri.

Mgahawani mambo ni yaleyale, ila viti ni vingi na hakuna ajuaye mtu atakula kwa muda gani. Kuna familia inayomaliza kwa dakika 50, na kuna bibi na babu wanaoagiza kahawa ya pili. Kwenye milo ambako Mickey na wenzake huzunguka meza kwa meza, hakuna mzazi atakayeondoka kabla mtoto hajapiga picha na wa mwisho, hata kama sahani zimekwisha kuondolewa.

Halafu kuna hesabu. Tuchukue mgahawa wa mfano: meza 40, unafunguliwa saa 5 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Hizo ni dakika 600. Kila kundi likikaa dakika 75, meza moja inahudumia makundi 8 kwa siku, na mgahawa mzima 320. Sasa amua kwamba kila meza itakaa tupu dakika 25 ikimngoja mwenyewe, ili asisimame hata kidogo. Kila mlo umegeuka wa dakika 100. Meza inahudumia makundi 6, mgahawa 240. Makundi 80 yamekosa chakula ili meza zikae zimefutwa vizuri bila mtu. Na Magic Kingdom peke yake, moja kati ya bustani nne za burudani za hapo, ilikadiriwa kupokea watu zaidi ya milioni 17 mwaka 2023, wastani wa zaidi ya 46,000 kwa siku. Hakuna wa kumudu meza za maonyesho.

Kwa hiyo "nafasi hakuna" nayo ina maana nyembamba kuliko inavyosikika. Inasema kwamba kwa kundi la ukubwa wako, kwa saa uliyotaja, zamu zimegawiwa. Watu 5 wanahitaji meza ya watu 6, nazo huwa chache kuliko za watu 4. Waliokosa wakiwa 6 wajaribu kutafuta 4 na 2, wakikubali kwamba huenda wasikae pamoja. Jiko nalo lina mipaka yake: makundi 30 yakiingia dakika moja, wapishi wanazama hata kama viti vipo, ndiyo maana zamu husambazwa kwa vipindi.

Historia nitaigusa tu, kwa ajili ya jambo moja ninalolipenda. EPCOT, nyingine kati ya bustani hizo nne, ilipofunguliwa mwaka 1982, mgeni aliweka nafasi ya chakula siku hiyohiyo kwenye kioo cha kugusa kilichoitwa WorldKey, akizungumza ana kwa ana kwa video na mhudumu aliyeketi kwingine. Mwaka 1982! Baadaye ikaja simu, kisha intaneti, na dirisha la kuweka nafasi likarefuka hadi siku 180 kabla ya kurudishwa kwenye 60.

Siku hizo 60 hazihesabiwi sawa kwa wote. Aliyelipia chumba katika hoteli za Disney anahesabu kutoka siku ya kuwasili, na hapo anaruhusiwa kuwekea nafasi ziara yake yote hadi siku 10. Maana yake siku yake ya mwisho anaiwahi karibu siku 70 kabla, wakati aliyelala hoteli ya nje bado hajafunguliwa mlango. Ndiyo sababu wazoefu huuweka mgahawa mgumu mwishoni mwa safari. Kwa kawaida dirisha hufunguka mtandaoni karibu saa 12 asubuhi ya Florida. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi hiyo ni saa 7 mchana wakati wa kiangazi chao, na saa 8 wakati wa baridi.

Na msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kutazama orodha ya migahawa kwa makini. Ndani ya bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe kilichojengwa kwa kuiga majengo ya Lamu, na humo Tusker House, ambako Donald Duck hupita mezani amevaa kama mtu wa safari. Hoteli ya jirani ina Boma, Jiko na Sanaa. Nadhani ni vigumu kupata kwingine Marekani ambako majina ya Kiswahili hugombewa hivyo na watu wasiojua maana yake.

Nafasi zikiwa zimeisha, usiufute mgahawa kwenye mpango wako. Sehemu nyingi hutoza angalau dola 10 kwa kila mtu asiyetokea bila taarifa, lakini kanuni iliyoanza mwaka 2022 inaruhusu kufuta bila malipo hadi muda wa saa mbili kabla ya mlo, tofauti na zamani ilipotakiwa siku nzima. Milo inayolipiwa kabisa mapema ina masharti yake, kwa hiyo soma kwanza. Kwingine, watu waliokwamishwa na mvua, mtoto aliyelala au foleni isiyosogea hurudisha zamu zao dakika za mwisho. Ukitaka kula Boma saa 1 usiku, shika simu kuanzia saa 10 na nusu, na usiiachie hadi saa 11 jioni ipite.