Si lazima uwe fiti kabla ya kuanza ndondi au judo

Wengi hapa Kampala huamini kwamba usipokimbia miezi kadhaa kwanza, utapigwa siku ya kwanza klabuni. Kwa kawaida sivyo. Katika ndondi, mgeni hufundishwa kusimama, kukunja ngumi na kusogeza miguu. Katika judo, huanza na kuanguka, kidevu kikiwa kifuani ili kisogo kisigonge mkeka. Pumzi hujengeka humo humo mazoezini.

Ukitaka kuhakikisha, katazame kipindi kizima kabla ya kulipa. Muulize kocha wageni huanza lini kupigana. Akisema “leo leo”, au ukiona mgeni ulingoni bila kinga ya meno, tafuta klabu nyingine. Glavu mara nyingi huazimwa (zinanuka, ndiyo). Bendeji za mikono, zile za kufunga ngumi ndani ya glavu, nunua zako.