Je, wajua kwa nini mkulima wa Ayalandi huliacha duara la udongo katikati ya shamba lake?

Ukisafiri mashambani nchini Ayalandi utaona mara kwa mara shamba lililolimwa lote isipokuwa mahali pamoja. Katikati yake limeachwa tuta la udongo la mviringo, upana wake yapata mita 30, limeota vichaka na miti ya miiba, na alama za trekta zinaonyesha wazi kwamba dereva alilizunguka. Udongo wa mle ndani una rutuba sawa na ule wa nje, na mashine ingeweza kulisawazisha tuta hilo kwa siku moja. Hata hivyo babu hakuligusa, baba hakuligusa, na mjukuu naye, ambaye huenda atakwambia kwamba haamini mambo hayo, ameona ni heri aliache.

Tuta hilo ni boma la kale. Kwa maelezo ya wanaakiolojia, mengi ya maboma hayo yalijengwa takriban kati ya mwaka 500 na 1000 na familia za wakulima na wafugaji, ambao waliweka nyumba zao ndani ya tuta na handaki ili kujilinda wao na mifugo yao. Mabaki ya maboma zaidi ya 40,000 yanajulikana kisiwani humo. Vizazi vilivyofuata vilisahau ni nani waliojenga, lakini havikukubali kwamba mahali palipojengwa kwa taabu namna ile pangeweza kukosa mwenyewe. Wakasema wenyewe wangalimo, ila hawaonekani.

Wenyewe hao huitwa kwa Kiayalandi aos sí. Neno sí lilimaanisha kilima au tuta lenye makao ndani yake, kwa hiyo jina zima ni kama kusema watu wa vilimani. Na yule bean sí, ambaye kilio chake usiku hutangaza kwamba kuna mtu wa ukoo fulani atakayekufa, ni mwanamke wa kilimani tu kwa tafsiri ya neno kwa neno. Nimeona nisiwaite majini, kwa sababu neno hilo lina mafundisho yake ya dini na lingetupeleka kwingine. Hati za kale zilizoandikwa na watawa wa Kikristo zinasimulia habari za Tuatha Dé Danann, kabila lenye maarifa ya uganga lililotawala kisiwa kabla ya mababu wa Waayalandi kufika, na ambalo liliposhindwa lilihamia chini ya ardhi. Hata kaburi kubwa la mawe la Newgrange, lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo karibu na mto Boyne, linatajwa katika hadithi hizo kuwa nyumba ya Dagda, mmoja wa wakuu wa kabila hilo, na mwanawe Aengus. Baadaye waumini wa vijijini walitoa maelezo mengine, kwamba hao ni malaika waliofukuzwa mbinguni lakini hawakuwa waovu kiasi cha kutupwa motoni, wakaanguka duniani na kubaki papo hapo walipoangukia.

Msomaji aliyezoea vitabu vya watoto huenda anawaza viumbe wadogo wenye mabawa ya kipepeo. Picha hiyo ni ya wasanii na waandishi wa Uingereza zaidi kuliko ya wakulima wa Ayalandi. Katika masimulizi ya kijijini watu wa vilimani wana kimo kama chetu au wanapungua kidogo, wanafuga ng'ombe, wanapanda farasi, wanaoana, wanapiga muziki usiku kucha na kupigana vita wao kwa wao. Mfupi hasa ni leprechaun, ambaye jina lake kwa kawaida huelezwa kwamba linatokana na neno la kale luchorpán, lililofasiriwa kuwa mwili mdogo.

Kuishi na majirani wa namna hiyo kulidai adabu. Hawakutajwa ovyo, bali waliitwa kwa Kiayalandi daoine maithe, yaani watu wema, kwa kuwa huenda walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza. Mtu aliyemwaga maji machafu nje usiku alitoa onyo kwanza ili wanaopita wajihadhari. Nyumba haikujengwa kwenye njia yao. Aliyechukuliwa akaingia kwao hakupaswa kuonja chakula chao, maana akionja harudi. Na mti wa miiba uliosimama peke yake shambani, ule unaochanua maua meupe mwezi wa Mei, haukukatwa hata tawi.

Kwa nini imani hii ilidumu? Jibu liko katika mambo ambayo kaya maskini isiyo na daktari haikuweza kuyaeleza. Maziwa yanasukwa tangu asubuhi na siagi haitoki. Mtu mzima analala akiwa na afya, akiamka upande mmoja wa mwili umekufa. Ugonjwa huo waliuita poc sí, pigo la watu wa kilimani. Mtoto mchangamfu anaanza kukonda, hasemi tena, hacheki. Imani ilisema kwamba mtoto wa kweli ameibwa, na huyu aliyelala kitandani ni mbadala aliyeachwa mahali pake. Maelezo hayo yalimpa mzazi mtu wa kumlaumu na tumaini la kumrudisha mwanawe, lakini yalimwondolea mgonjwa ubinadamu wake, na hapo ndipo madhara yalipoingia.

Mwezi Machi mwaka 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, mshonaji wa nguo aitwaye Bridget Cleary, ambaye hakuwa amefika miaka 30, aliugua. Mumewe Michael, fundi wa mapipa, alishawishika kwamba huyo si mke wake. Ndugu na majirani wakiwamo nyumbani, walimshika kwa nguvu na kumnywesha dawa za mitishamba, wakamweka karibu na moto wa jikoni na kumwuliza tena na tena, kwa jina la Mungu, kama yeye ndiye Bridget. Alijibu kwamba ndiye. Usiku uliofuata mumewe alimchoma moto akafa, kisha akaenda kwenye boma la Kylenagranagh na kungoja mke wa kweli atoke amepanda farasi mweupe, ili amkomboe. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Sioni haki kueleza uzuri wa hadithi hizi na kumwacha Bridget nje.

Imani hiyo hiyo ndiyo iliyoyalinda maboma kuliko sheria yoyote kwa karne nyingi, maana hofu ya kupatwa na balaa ilizuia majembe. Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 walitumwa kuwauliza wazee na kuandika masimulizi yao kwenye madaftari. Hazina hiyo sasa imehifadhiwa katika chuo kikuu kiitwacho University College Dublin. Mwaka 1999, barabara kuu mpya ilipopangwa kupita Latoon katika kaunti ya Clare, msimuliaji hadithi Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti mmoja wa miiba uliokuwa njiani. Alieleza kwamba hapo ndipo watu wa vilimani wa jimbo la Munster hukusanyika wanapokwenda kupigana na wenzao wa jimbo la Connacht. Wahandisi waliukwepa. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliukata matawi kwa msumeno wa mashine, na mti huo ukachipua tena, kando ya magari yanayopita kasi.