Miba haithibitishi undugu

Nimechoka. Jana tena nimeweka picha mbili ukutani nikauliza: yupi hapa ni ndugu wa kalunguyeye? Darasa zima likamchagua mwenye miba. Yule wa pili, mwenye manyoya laini na pua ndefu, alipatiwa hukumu kutoka kiti cha nyuma: "Huyo panya tu, Mwalimu."

Huyo "panya tu" ni Podogymnura truei, jimnura wa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino. Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani, alimwelezea kisayansi mwaka 1905 kwa vielelezo vya Mlima Apo. Anaishi kwenye misitu ya milimani yenye baridi na ukungu, anakula wadudu na minyoo. Mwiba hana hata mmoja, na bado yumo katika familia ya Erinaceidae, nyumba moja na kalunguyeye wetu.

Na mwenye miba? Echinops telfairi, tenreki wa Madagaska. Anajikunja kama mpira, mgongo wote miba, na ukoo wake ni tembo, pimbi, muhanga na sange. Kundi hilo, Afrotheria, lilipewa jina mwaka 1998, jeni zilipowaumbua wengi, walimu wangu wakiwemo. Zamani kila mla wadudu mdogo alitupwa kwenye kapu moja, Insectivora. Kapu lilishapasuka, jamani.

Mwiba ni unywele uliokakamaa, basi. Nungunungu anayo miba, naye ni wa upande wa panya. Ekidna wa Australia anayo, na anataga mayai! Kama miba ingekuwa ukoo, hao wote wangerithishana mashamba.

Haya, suala la panya. Fungua mdomo. Panya ana meno ya mbele yanayokua maisha yote, halafu pengo kubwa hadi kwenye magego, chonge hana. Jimnura amejaa vijino vyenye ncha, na chonge zake za juu ni ndefu, huwezi kuzikosa. Ila nikiri: niletee ngozi kavu isiyo na fuvu, nami nitaigeuza mara mbili kabla ya kusema neno.

Anayenisumbua kweli ni binamu wa jimnura huyo, wa kisiwa cha Dinagat, huko huko Ufilipino: Podogymnura aureospinula, aliyeelezewa na wanasayansi Heaney na Morgan mwaka 1982. Nywele zake za mgongoni ni ngumu, za rangi ya dhahabu, nusu manyoya nusu miba. Kila nikifundisha kwamba wahenga wa kalunguyeye walikuwa na manyoya laini na miba ikaja baadaye, huyu ananikodolea macho. Ni mabaki ya kitu cha kale, au amejitengenezea mwenyewe? Naegemea la pili, kwa sababu ndugu yake wa Mindanao ni laini kabisa. Kiapo sili.

Mtihani wa mwezi ujao una picha zile zile mbili. Nimeshawaambia.